Nikeli Asilimia Kumi na Tatu

Jepkemei alikuwa na namba moja iliyookoa kazi yake ya miaka minne, na hakujua ilikotoka.

Alikuwa mwalimu msaidizi wa hisabati katika chuo kikuu kimoja huko Bonde la Ufa, binti wa wafugaji wa ng'ombe wa maziwa, mwenye umri wa miaka thelathini na miwili. Tasnifu yake ya uzamifu ilihusu jambo ambalo wenzake idarani wakilisikia walitikisa vichwa kwa heshima kisha wakabadilisha mazungumzo: jinsi zinki na nikeli zinavyokwenda pamoja kukivika chuma pale umeme unapopitishwa kwa mapigo badala ya mfululizo, na milinganyo ya hesabu inayoweza kutabiri vazi hilo litakuwaje kabla chuma hakijaguswa na maji. Mama yake akiulizwa na watu wa kanisa bintiye anasomea nini, alijibu, "Anasomea kutu." Jepkemei hakuwahi kumsahihisha, maana mama hakuwa mbali na ukweli.

Bolti iliyovikwa zinki peke yake hudumu muda, kisha kutu huipata. Ikivikwa zinki iliyochanganyika na nikeli kiasi cha asilimia kumi na tatu, hudumu mara nyingi zaidi. Nikeli ikipungua sana, umerudi palepale pa zinki. Ikizidi, vazi huwa gumu na kupasuka nyufa ambazo jicho halizioni, na maji hupenya humo kama mvua kwenye koti lililochanika kwapani. Kazi yote ni kuipata hiyo kumi na tatu. Na haipatikani kwa kumwaga chumvi za metali hizo mbili kwenye tangi kwa vipimo, kwa sababu zinki ina tabia ya kusukumana. Umeme ukiita, yeye hufika kwanza.

Chuo hakikuwa na tangi la kazi hiyo. Ndipo Jepkemei akaelekezwa kwa Kahiga, Baba Wangui kwa jina la mtoto wake, fundi wa miaka hamsini na sita aliyekuwa na karakana nyuma ya maghala ya eneo la viwanda la Nakuru. Kahiga alivika kila kitu: bolti, minyororo, vitasa vya milango, vyuma vya mashine za kukamulia. Siku ya kwanza alimsikiliza mgeni wake mpaka mwisho, mikono ndani ya aproni ya mpira, kisha akauliza:

"Kwa hivyo unawasha, unazima, unawasha, unazima?"

"Mara ishirini kwa sekunde, Baba Wangui."

"Mwalimu, hapa Nakuru stima ikipotea tunapiga simu tukilia. Wewe unataka kuikata makusudi?"

Jepkemei alicheka. Alikuwa ameshaambiwa kwamba mzee huyu ana shamba na ng'ombe kule Subukia, basi akaanzia huko. "Fikiria ng'ombe wakija horini. Wale wakubwa wanasukuma, wanafika mbele. Hao ni zinki. Ndama wako nyuma, hao ni nikeli. Ukiita bila kunyamaza, wakubwa walio karibu wanaisha, wenzao wa mbali hawajafika, na hori linajaa ndama. Lakini ukiita kidogo, unanyamaza, wa mbali wanapata nafasi ya kusogea. Ukiita tena, unapata mchanganyiko unaoutaka."

"Na nani anahesabu ng'ombe?"

"Mimi. Kwa hesabu."

Kahiga alilitafakari hilo. "Sawa," alisema mwishowe. "Leta mashine yako. Lakini tangi ni langu. Usije ukaniambia nisimame wapi."

Kwa miezi mitatu, kila Jumatano, walifanya kazi pamoja. Kahiga alizifunga bolti kwenye fremu ya shaba na kuzishusha majini. Jepkemei aliketi juu ya kreti kando ya mashine ya mapigo, kompyuta mapajani, akiandika joto la maji, nguvu ya mkondo, urefu wa pigo na urefu wa kimya baada yake. Kahiga aliimba puani nyimbo za kanisani, zile za polepole. Mpwa wake Joan, mwanamke wa miaka arobaini ambaye kwa miaka tisa ndiye aliyesafisha vyuma kwa asidi kabla ya kuvikwa, aliingia na kutoka na ndoo zake bila maneno mengi. Sampuli zilipelekwa Nairobi kusomwa na mashine ya eksirei, na majibu yakarudi: nikeli asilimia kumi na mbili nukta nane, kumi na tatu nukta moja, kumi na mbili nukta tisa.

Yalikuwa majibu mazuri ajabu, isipokuwa kwa jambo moja. Modeli ya Jepkemei, yaani ile milinganyo yake, ilisema yangekuwa ishirini na moja.

Aliikagua milinganyo mstari kwa mstari kwa wiki sita. Alipungua mwili. Kisha mchana mmoja akaijaribu delta. Delta ni unene wa utando wa maji tulivu unaokikumbatia chuma ndani ya tangi, maji ambayo metali lazima iyavuke peke yake, bila kusukumwa na kitu, ili kukifikia chuma. Vitabu vilisema kwamba katika tangi lisilokorogwa, utando huo ni kama sehemu ya tano ya milimita. Jepkemei aliupunguza mpaka unene wa unywele mmoja tu, na mara mistari yake yote ikaenda ikalala juu ya vipimo vya Nairobi kama watoto wa shule kwenye paredi.

Msimamizi wake, Dakta Elphas Kimaiyo, aliweka kidole juu ya namba hiyo. "Hii umeitoa wapi?"

"Nimeilinganisha na data, Daktari."

"Wengi hufanya hivyo." Aliondoa kidole. "Andika tu kwamba imetokana na hali ya tangi."

Jepkemei aliandika hivyo. Maneno hayo yalimwasha kwa wiki nzima, kama usubi ndani ya soksi, halafu yakaacha. Makala ikapelekwa kwenye jarida, ikakubaliwa. Mahafali yake yakapangwa Desemba.

Siku ya maonyesho ya chuo, mwanamke mmoja mrefu alisimama mbele ya bango lake kwa muda mrefu kuliko watu wote. Aliitwa Zeddy, na alikuwa msimamizi wa mafundi wa vibanda vya kukuzia maua katika shamba moja huko Naivasha. Alisema kwamba unyevu na dawa zinazopuliziwa maua zilikuwa zinazila bolti zao kama mchwa.

"Hizi zako zinakaa muda gani?"

"Kwa hesabu yangu, miaka kumi," Jepkemei alijibu, na kifua kikampanuka.

Shamba likaagiza bolti mia nne za majaribio. Siku chache kabla ya kazi kuanza, Kahiga alisukumwa na mtamba aliyekuwa anamfunga kule nyumbani, akabanwa ukutani, bega la kulia likavunjika. Daktari akamwambia asiondoke Subukia kwa miezi mitatu. Kazi akaifanya Joan. Jepkemei hakuwa na hofu, kwa kuwa alikuwa amemwandikia karatasi yenye kila kitu, kuanzia uzito wa chumvi hadi dakika za kukaa majini. Hiyo ndiyo fahari ya modeli: haijali mikono ya nani.

Wiki ya tisa tangu bolti zifungwe, Zeddy alipiga simu.

"Njoo Karagita, hapa Naivasha," alisema. "Siko kazini. Nitakuonyesha kwangu."

Chumba cha Zeddy kilikuwa cha kupanga, katika safu ndefu ya vyumba vya wafanyakazi wa mashamba ya maua, na nguo za safu nzima zilikuwa zimeanikwa kwenye kamba moja. Alifungua mlango akiwa na bandeji juu ya jicho la kushoto. Jicho lenyewe lilikuwa limefura na kuwa zambarau.

"Chamgei," alimsalimu kwa lugha yao ya nyumbani.

"Chamgei. Zeddy, nini—"

"Ingia kwanza. Keti."

Juu ya stuli, kwenye kipande cha gazeti, kulikuwa na bolti sita. Jepkemei alizitambua na hakuzitambua. Shingoni mwa kila moja kulikuwa na mkufu wa kutu nyekundu, na vazi lilikuwa limebanduka kwa magamba meusi.

"Hii ndiyo ilikatika," Zeddy alisema, akiigusa moja bila kuiinua. "Inashika bomba la juu. Bomba likaanguka nikiwa chini yake. Mimi nilipata ncha tu. Nyuma yangu kulikuwa na msichana aliyerudi kazini juzi, ana mtoto wa miezi minne. Lilipita katikati yetu." Alionyesha kwa viganja upana wa hiyo katikati. Haukuwa mpana. "Ulisema miaka kumi."

"Nilisema."

"Mimi ndiye nilienda kwa meneja. Nikamwambia, huyu msichana anajua kazi yake."

Jepkemei alifungua kinywa kusema pole, na Zeddy akainua mkono.

"Pole nimepewa na watu wengi, na nimeshukuru. Wewe niletee sababu."

Alizifunga bolti ndani ya gazeti akampa. Walipoachana, Zeddy alimsindikiza hadi barabarani, kama mtu anavyomsindikiza mgeni yeyote, na adabu hiyo ndiyo iliyomuumiza Jepkemei kuliko lile jicho.

Kesho yake alikuwa karakanani kabla milango haijafunguliwa. Njia nzima alikuwa na wazo moja tu, na hakujivunia: Joan amekosea. Labda alipima chumvi kwa macho. Labda aliharakisha. Alianza kwa kuzunguka.

"Joan, ile siku, maji yalikuwa na joto gani?"

"Lile uliandika."

"Na dakika? Huenda simu ililia, ukasahau—"

Joan aliweka ndoo chini. "Mwalimu, uliza swali lako wazi. Unataka kujua kama niliharibu."

Jepkemei aliitikia kwa kichwa.

"Karatasi yako iko pale ukutani. Niliisoma kila asubuhi kama Zaburi. Leo nitafunga bolti kumi mbele yako, ukae hapo kwa kreti yako, uangalie. Ukiona kosa, sema hapohapo. Usiende kulisemea mahali pengine."

Akafanya hivyo. Alipima, akasafisha, akasuuza, akazifunga bolti kwenye fremu, akaitundika fremu juu ya tangi bolti zikiwa majini, akawasha mapigo, akarudi nyuma hatua mbili na kukunja mikono. Jepkemei alipima joto mara tatu. Aliunganisha chombo cha kuonyesha umbo la mkondo, na mapigo yakasimama kwenye kioo chake, manyoofu, sawasawa kabisa na alivyoyaandika. Kwa dakika ishirini na tano alitafuta kosa la Joan na hakuliona. Ndani ya tangi, maji ya kijani yalitulia kama kioo.

"Nimeona," alisema mwishoni. "Hukukosea. Nisamehe, Joan."

"Nimekusikia," Joan alisema, akachukua ndoo yake. Hakusema amesamehe.

Majibu ya bolti hizo kumi yalifika siku nne baadaye, Jepkemei akiwa jikoni kwake katika mtaa wa Free Area, maji ya chai yakichemka. Nikeli asilimia ishirini na moja nukta tatu.

Alizima jiko. Alikuwa ameiona wapi ishirini na moja? Aliijua. Ilikuwa ni modeli yake, ile ya kwanza, aliyoidhani mbovu na kuikagua wiki sita mpaka akakonda. Ile yenye delta ya vitabu, delta ya maji yasiyokorogwa. Modeli ilikuwa imesema kweli tangu mwanzo, kuhusu tangi lililotulia. Ng'ombe wakubwa wanaisha, wenzao hawafiki, hori linajaa ndama. Basi tangi la Joan lilikuwa limetulia. Na lile la Kahiga?

Alijaribu kumkumbuka Kahiga akiwa kazini. Alizikumbuka nyimbo zake. Aliikumbuka aproni. Jumatano kumi na tatu alikuwa ameketi hatua mbili kutoka kwa mtu huyu, na hakuweza kukumbuka hata mara moja mikono yake ilikuwa inafanya nini, kwa sababu macho yake yeye yalikuwa kwenye kompyuta.

Kule Subukia alimkuta Kahiga nje ya nyumba, mkono umefungwa kifuani kwa kitambaa, anamwelekeza mkewe jinsi ya kukata majani ya ng'ombe, na mkewe, Mama Wangui, hamsikilizi. Walifurahi kumwona. Alipewa chai na viazi vitamu. Aliwaeleza habari za Naivasha zote, bila kuficha jicho la Zeddy wala yule mama wa mtoto wa miezi minne, na Kahiga akaacha kutafuna.

"Baba Wangui," Jepkemei aliuliza, "bolti zikiwa ndani ya tangi, wewe huwa unafanya nini?"

"Nafanya nini? Nangoja."

"Unangoja vipi?"

"Nangoja, mwalimu! Nasimama na fremu mkononi. Naangalia rangi ya maji. Kuna kufanya kitu ingine?"

Jepkemei aliomba ndoo ya maji, kipande cha waya na kitu chochote cha chuma. Mama Wangui akaleta, akiwa na macho ya mtu anayengoja mchezo uanze. Walining'iniza bawaba kuukuu kwenye waya, Kahiga akaushika waya kwa mkono wa kushoto, ule mzima, akaizamisha bawaba majini.

"Sasa ngoja kama unavyongoja siku zote."

"Huu ni utoto," Kahiga alisema. Lakini alingoja. Alitazama maji, kisha akatazama ng'ombe wake bondeni, kisha akasahau kidogo kwamba anatazamwa. Wimbo ukaanza kumtoka puani. Na mkono ukaanza kwenda. Ulikwenda upana wa kiganja upande huu, ukarudi upande ule, taratibu, bila kusita, na maji ndani ya ndoo yakaenda na kurudi pamoja nao.

Mama Wangui aliangua kicheko. "Aki huyu! Hata Wangui akiwa mchanga alikuwa anamlaza hivyo. Hata kanisani nikimpea mwavuli ashike, mwavuli unacheza."

Kahiga aliutazama mkono wake kana kwamba ni wa jirani. Ukasimama.

"Hivi ndivyo nafanyanga?"

"Nadhani hivyo," Jepkemei alisema. Alieleza kwamba kutikisa huko kulikuwa kunayasogeza maji mapya karibu na chuma, kunaupunguza ule utando mpaka unene wa unywele, na kwamba yeye aliuona unywele huo kwenye hesabu zake, akaupa namba, akaandika kwamba ni hali ya tangi.

Kahiga aliitoa bawaba majini, akaiweka chini. Kicheko cha mkewe kilikwisha.

"Mimi nimefanya hii kazi miaka thelathini," alisema. "Aliyenifundisha alikuwa anatikisa? Sijui. Hakuniambia, na mimi sikumwambia Joan, kwa sababu sikujua kuna kitu ya kuambia." Akavuta pumzi. "Kwa hivyo yule Zeddy wa Naivasha, ni mimi nilimuumiza."

"Hapana, Baba Wangui. Wewe ungekuwepo bolti zingekuwa nzima. Mimi nilikuwepo zile Jumatano zote. Nilikuwa nimeketi pale pale."

"Ukiandika."

"Nikiandika."

Kahiga hakumwambia kwamba si kitu. Alimwambia anywe chai isipoe, na baadaye, alipokuwa anaondoka, akamuuliza kama Joan amelaumiwa. Jepkemei akakiri kwamba ndiye aliyemlaumu. "Hiyo utaitengeneza wewe mwenyewe," Kahiga alisema. "Mimi sitakusaidia."

Jumatatu aliingia ofisini kwa Dakta Elphas na kumweleza yote akiwa amesimama. Makala ilikuwa bado haijachapishwa. Alitaka kuiondoa.

"Keti, Jepkemei. Delta kulinganishwa na data si dhambi. Makala mia zimefanya hivyo. Hakuna msomaji atakayeuliza."

"Kuna fundi amefuata vipimo vya makala hii neno kwa neno, Daktari, na bomba likaanguka."

"Ukiiondoa, mahafali ya Desemba hayapo. Huenda hata ya mwaka ujao. Unalijua hilo?"

"Nalijua." Alikuwa ameshampigia mama yake simu, ambaye alikuwa amekwisha kununua kitambaa cha gauni. Mama alisema kitambaa hakiozi.

Dakta Elphas alivua miwani, akajisugua macho. Alikuwa mtu mwema na mchovu, mwenye wanafunzi kumi na mmoja.

"Niliiona hiyo namba," alisema. "Niliweka kidole hapo hapo juu yake. Andika barua. Tutaitia sahihi wote wawili."

Kilichofuata kilichukua mwaka, na sehemu kubwa yake haikuwa na la kusimulia. Jepkemei aliongeza kwenye milinganyo yake mwendo wa maji, upana wa mtikiso na kasi yake, na milinganyo iliyokuwa mizuri ikawa mibaya, mirefu, yenye mikia. Kompyuta iliyokuwa ikijibu kwa dakika sasa ilihitaji siku nzima. Karakanani walihitaji kitu cha kutikisa fremu kwa mwendo unaopimika, na ni Joan aliyekwenda kwa mafundi wa magari, akarudi na mota ya waipa ya kioo cha lori.

"Kama inafuta mvua, itashindwa na hii?" alisema, na hayo yalikuwa maneno yake ya kwanza yasiyo ya kazi kwa Jepkemei tangu siku ya lile swali. Walishinda mchana wakiifunga pamoja. Jepkemei alishika kila alichoambiwa ashike.

Kahiga alirudi na bega lisilopanda zaidi ya kifua. Alisimama mbele ya tangi, akaitazama fremu ikienda na kurudi bila yeye, huku mota ikilia kama nyuki kwenye chupa. Uso wake haukuonyesha furaha. Jepkemei alisogea karibu, safari hii bila kompyuta.

"Unaonaje?"

"Naona imenifukuza kazi." Kisha akainama karibu na maji: "Inaenda mbio. Mimi sikuwa na mbio hivyo."

"Nilihesabu kule Subukia, kwa ndoo."

"Ile ilikuwa mkono wa kushoto, na ulikuwa unaniangalia. Punguza." Walipunguza. "Bado. Punguza tena. Hapo. Na ikifika mwisho wa upande, ingoje kidogo kabla ya kurudi. Mtu huwa anavuta pumzi."

Mota ya waipa haikujua kungoja, basi Joan akaupinda mkono wa mota mpaka ikajua. Sampuli zikaenda Nairobi. Jepkemei aliiandika namba ya modeli kwenye karatasi, akaikunja na kumpa Joan aihifadhi kabla majibu hayajafika, ili asije akajidanganya. Karatasi ilisema kumi na mbili nukta saba. Nairobi ikasema kumi na tatu kamili. Haikuwa sawasawa, na Jepkemei aliipenda modeli hii zaidi kwa hilo; hakukuwa na namba hata moja ndani yake ambayo hakujua imetoka wapi.

Alimpelekea Zeddy sababu, kama alivyoagizwa. Walikaa kwenye kivuli cha kibanda cha maua, wakati wa mapumziko ya chai, na Jepkemei akamchorea mchangani utando wa maji na mkono wa Kahiga. Zeddy, mwenye kovu lililoigawa nyusi yake vipande viwili, aliuliza maswali ambayo hata jarida halikuwa limeuliza. Mota ikizimika katikati? Tutajuaje? Jepkemei akajibu aliyoyajua, na yale asiyoyajua akayaandika kwenye daftari.

"Nitachukua thelathini," Zeddy alisema mwishowe. "Si mia nne. Nitazifunga upande wa matangi ya maji, ambapo hakuna mtu anapita chini. Mvua zikiisha tutaziangalia pamoja."

"Na miaka kumi sisemi tena," Jepkemei alisema.

"Afadhali usiseme."

Mvua zilikuja kwa wingi mwaka huo, zikaisha. Jepkemei alikwenda na Joan. Zeddy alipanda ngazi mwenyewe, akazifungua bolti moja moja na kuzishusha kwenye kikapu, na wakazipanga juu ya meza ya kufungia maua, kwenye mwanga. Ishirini na saba zilikuwa safi kama siku zilipotoka tangini. Tatu zilikuwa na madoa meupe, madogo kama chembe za unga, karibu na vichwa. Hayakuwa kutu nyekundu. Ila yalikuwepo.

Zeddy alizitenga hizo tatu kwa kidole. "Na hizi?"

Jepkemei aliinama akazitazama kwa muda. Modeli yake ilizichukulia bolti zote thelathini kuwa kitu kimoja, na hakuna kitu ndani yake kilichoweza kueleza kwa nini tatu zifanye tofauti na zile nyingine. Miaka miwili nyuma angeyaita madoa hayo kosa la kipimo na kuyapita.

"Sijui," alisema. Akamgeukia Joan. "Fremu nzima huwa unaipangaje? Zile za pembeni unazifunga vipi?"

Joan aliichukua moja ya zile tatu, akaigeuzageuza akitafuta alama ya waya shingoni mwake. "Hii ilikuwa kona ya chini," alisema polepole. "Nafikiri. Huko waya huwa nafunga mara mbili kwa sababu fremu imepinda kidogo. Tangu zamani imepinda. Kwani hiyo ina maana?"

"Huenda," Jepkemei alisema, akavuta stuli akaketi kando yake. "Nionyeshe vile unafunga."